Maji Yanayokohoa

Alfajiri ziwa letu halina rangi. Kabla jua halijachomoza nyuma ya kisiwa cha Musira, maji na anga huwa kitambaa kimoja cha kijivu, na mgeni anaweza kudhani mji wa Bukoba umejengwa ukingoni mwa hewa tupu. Saa hiyo ndiyo niliyokuwa naipenda. Nilikuwa natoka Ijuganyondo, nilikopanga chumba, viatu mkononi, kwa sababu njia ya migombani ilikuwa na umande na mimi nilikuwa na jozi moja tu ya viatu vya ofisini. Kamera niliifunga ndani ya kitenge. Stendi yake ya miguu mitatu niliibeba begani kama jembe.

Mama mmoja niliyekuwa nikikutana naye akienda shambani alidhani ile stendi ni ya kupimia ardhi. Siku moja akanisimamisha, akaniuliza kama ni kweli wanakuja kuwahamisha. Nikapiga goti, nikamwamkia, nikamweleza kwamba naenda kupiga picha maji. Akaniambia kwa Kihaya kwamba maji yapo hata nyumbani kwake, ndani ya mtungi, ningeweza kuyapiga huko bila kulowesha gauni.

Nililifikiria jibu hilo mpaka ufukweni. Ndivyo nilivyokuwa. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka uliotangulia, nikapangwa katika ofisi ya habari ya mkoa, na tangu siku ya kwanza niliogopa kwamba wangegundua sijui kitu. Mkuu wangu wa kazi akinijibu "haya" badala ya "vizuri", nilikaa na hiyo "haya" siku nzima, nikiigeuza huku na huku kama mtu anayetafuta upande uliooza wa parachichi. Ni mbele ya maji tu kichwa kilipotulia. Nilikuwa nasimamisha kamera pale mto Kanoni unapoingia ziwani, mahali ambapo mkondo unataka kwenda na mawimbi yanataka kuja, na vyote viwili vinakubaliana baada ya kusukumana kidogo. Nilikuwa natazama mpaka nasahau kwamba nina miguu.

Aliyenifundisha kuyapiga picha maji ni fundi mmoja wa mjini, mzee Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani na kuoa hapa. Alikuwa na studio karibu na soko, yenye pazia lililochorwa ngazi za jumba kubwa, na nyuma yake chumba cha giza cha kusafishia picha. Ofisi yetu haikuwa na chumba kama hicho, hivyo filamu zetu zilisafishwa kwake, na mimi nikawa mtu wa kukaa pale, katika harufu ya dawa na mwanga mwekundu.

Alinieleza kwamba ndani ya kamera kuna kijilango. Ukikifungua na kukifunga upesi, wimbi linaganda, kila tone peke yake, kama kioo kilichovunjika kikakataa kuanguka. Ukikiacha wazi kwa muda wa kuhesabu moja, mbili, wimbi linakuja na kurudi na kuja tena juu ya mahali pale pale pa filamu, na kinachobaki ni ukungu mweupe uliolala kati ya mawe. Mara ya kwanza nilipouona ukungu huo ukijitokeza ndani ya beseni la dawa, niliinama mpaka pua ikakaribia kugusa dawa. Ziwa langu lilikuwa limekuwa pumzi.

Bila shaka nilianza kuhangaika. Ni wimbi lipi la kweli, lile la matone au lile la ukungu? Nilimuuliza fundi, nikamuuliza tena kesho yake. Mara ya tatu akaweka chini koleo yake.

"Sikiliza, binti yangu. Nikimpiga picha bibi harusi simuulizi kama ndoa ni ya kweli. Namwambia ainue kidevu."

Filamu zilikuwa haba. Ofisi ilipata chache, na kila picha ilitakiwa iwe ya maendeleo: watu wanapalilia pamoja, watu wanafyatua matofali, wazee wanashika chaki katika darasa la ngumbaru. Wimbi halikuwa maendeleo. Nililijua hilo, na kila nilipobonyeza kitufe pale ufukweni nilihisi kama mtoto anayelamba sukari ya nyumba wakati sukari hakuna dukani. Lakini nililamba.

Ndiyo sababu siku nilipotumwa Muleba nilikuwa na picha tatu tu zilizobaki kwenye filamu.

Nilitumwa katika kijiji kimoja cha ujamaa kilichoko chini ya magenge ya mawe, kando ya ziwa. Hakikuwa kigeni kwangu. Bibi yangu mzaa baba aliishi sehemu ya kijiji hicho hicho, lakini ng'ambo, juu ya kilima kinachotazamana na magenge, na kati yake na kijiji kuna bonde la mafunjo. Likizo zote za utoto wangu nilizipitisha nikimfuata chini bondeni na kupanda naye tena, yeye na debe kichwani, mimi na kibuyu. Njia ile ni kali. Ukimwaga maji katikati, hulii kwa ajili ya maji, unalia kwa ajili ya magoti.

Wanakijiji walikuwa wamechimba mtaro kutoka kwenye chemchemi iliyo juu katika genge hadi chini, kiangazi kizima, kwa zamu, wanaume kwa wanawake. Serikali ikaleta mabomba. Sasa lilikuwa limesimama bomba moja karibu na ofisi ya kijiji, na neno lilikuwa limeenea kwamba katika maonyesho ya mkoa kijiji kimoja kitachaguliwa kupewa mabomba zaidi. Kikichaguliwa hiki, maji yangeshuka bondeni na kupanda hadi kilimani, kwa kuwa chemchemi iko juu kuliko kilima. Kilichotakiwa ni maji yawe na nguvu. Mtaro wangeuchimba watu wa kilimani wenyewe, kwa majembe, ndani ya yale mafunjo.

Bibi alikuwa akiniuliza habari hiyo kila nilipomtembelea. Alikuwa ananikalisha kwenye majani mapya aliyotandaza sakafuni, ananipa akamwani, buni zilizokaushwa, nitafune, na kabla sijameza anauliza, "Hayo mabomba yenu ya Bukoba yamefika wapi?" Aliyaita yenu, kana kwamba nilikuwa nimeyaficha chini ya kitanda.

Siku ya kufungua bomba alishuka asubuhi, akasimama karibu kabisa na bomba, amevaa kitenge alichokuwa akivaa kanisani siku za sikukuu. Mgeni wa heshima alichelewa. Tulingoja. Mawingu yalikuja kutoka ziwani, yakashuka mpaka yakagusa magenge, na mwanga ukawa kama mwanga wa ndani ya nyumba ya nyasi. Alipofika mgeni, saa kumi na moja imekwishapita, nilitumia picha moja kwa kuwasili kwake na nyingine kwa kukata utepe. Ikabaki moja.

Bomba likafunguliwa. Kwanza likakohoa. Likatoa hewa, likatoa tope, likanyamaza. Watu nao wakanyamaza. Kisha maji yakaja, yakakatika, yakaja, kama mzee anayesimulia jambo huku akitafuta pumzi. Walipiga makofi na vigelegele, na kweli hata mimi machozi yalinilenga, maana kukohoa au kutokohoa, yalikuwa ni maji, na yalikuwa yamewafuata watu nyumbani badala ya watu kuyafuata.

Mwenyekiti wa kijiji akanijia. Alikuwa mtu mrefu, mwenye kofia ya kijani aliyoivaa mvua na jua. Akasema anataka picha ya mwisho, ya watu wote pamoja na bomba lao, ndiyo itakayokwenda kwenye maonyesho. Nikapima mwanga. Ulikuwa kidogo. Ningeweza kufungua lenzi yote na kukifanya kijilango kiwe cha haraka kiasi, nikapata watu. Lakini maji yangeonekana matone matone, ya kuhurumiwa. Niliyatazama yale maji yakirukaruka, nikaona ndani ya kichwa changu jinsi yatakavyokuwa nikikiacha kijilango wazi: yatakuwa shuka moja nyeupe, laini, inayoning'inia kutoka kwenye bomba hadi ndani ya ndoo.

Nilichagua maji. Nimejaribu kulisema hilo kwa njia nyingine, na hakuna njia nyingine.

Nikasimamisha stendi, nikawaambia kwa Kihaya na kwa Kiswahili wasitikisike mpaka niseme basi. Kijana mmoja nyuma akauliza kama kupumua kunaruhusiwa. Mwingine akamjibu kwamba msomi anataka tufe kidogo, atatufufua akifika Bukoba. Watu wakacheka, na walikuwa bado wanacheka nilipobonyeza. Moja, mbili. Basi.

Katika chumba cha giza, bomba ndilo lililojitokeza kwanza, kisha maji. Sijawahi kupiga maji mazuri vile. Yalikuwa nguzo, meupe, mazima, bila ufa. Kisha akaja bibi yangu. Alikuwa wazi kabisa, kila kunjo la kitenge, kila kunjo la shingo, macho yametazama mbele. Halafu tukangoja waje wengine. Walikuja kama moshi. Mahali pa watu sitini palikuwa na wingu lenye miguu, na hapa na pale bega, kanga, meno ya mtu aliyekuwa akicheka.

Fundi aliinamia beseni.

"Huyu bibi ni nani? Huyu kafundishwa."

Nikamwambia ni bibi yangu.

"Na hawa wengine walikuwa wamekuja, au waliahidi tu?"

Sikulala vizuri wiki hiyo. Nilijiona nikiitwa ofisini na kuulizwa kwa nini nimepiga picha kijiji cha ujamaa ambacho hakina watu. Niliandika maelezo, nikayachana, nikayaandika tena kwa maneno ya kitaalamu zaidi, ambayo yalinitia hatiani zaidi. Mwishowe nikaamua kwamba kabla mkuu wangu hajaiona, wenyewe waione kwanza. Nikapanda basi la kwenda Biharamulo, nikateremka Muleba, nikatembea kilichobaki, bahasha kifuani.

Mwenyekiti aliitoa picha kwenye bahasha, akaisogeza mbali, akaileta karibu. Akaita watu. Wakaja kutoka shambani na mikono ya udongo, wakaipokezana kwa ncha za vidole, na kila mmoja akaanza kujitafuta. Mama mmoja alijitambua kwa beseni aliloshika. Kijana aliyeuliza habari za kupumua hakujiona popote, akatangaza kwamba yeye ndiye ule weupe mkubwa katikati. Mwenyekiti naye alijitafuta muda mrefu kuliko wote.

"Kofia yangu imeingia pichani yenyewe," akasema. "Mimi nilibaki wapi?"

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nilijaribu kuomba radhi, nikaanza kueleza kijilango, lakini akaniinulia mkono. Akasema picha itakwenda kama ilivyo, filamu nyingine hakuna, na isitoshe sura zao wanaonana nazo kila siku. "Maji ndiyo mageni," akasema. "Na maji yametoka vizuri."

Bibi nilimpandishia picha kilimani, akaishika mlangoni kwa kuwa macho yake yalitaka mwanga. Alijiangalia bila kushangaa. Alisema zamani padri mmoja wa misheni aliwapanga wasichana mbele ya kanisa akawaambia wasipumue, na yeye alidhani ndivyo picha inavyotakiwa siku zote. Aliwaona wenzake kuwa watovu wa adabu. Kisha akauliza kama huko Bukoba watamwona, na kama wakimwona watajua kwamba yeye ni wa kilimani.

Nikamwambia watajua.

Maonyesho yalifanyika uwanjani, chini ya mapaa ya makuti ya muda. Picha yetu ilitundikwa kati ya mkungu mkubwa wa ndizi na kahawa iliyopangwa kwenye ungo. Nilisimama kando yake siku nzima nikingoja mtu aulize watu wako wapi. Hakuna aliyeuliza. Siku ya pili akaja mhandisi wa maji wa mkoa, kijana, mgeni kwetu, ametoka upande wa kusini, miwani yake imefungwa waya sikioni. Alikuwa bado hajafika vijiji vya Muleba, mvua na uhaba wa petroli vilimzuia. Alisimama mbele ya picha, akainama, akatazama pale maji yanapotoka, akafuata kwa kidole bila kugusa mpaka kwenye ndoo.

Akaniuliza chemchemi iko juu kiasi gani. Nikamweleza kadiri nilivyoweza. Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuta alichokitafuta. Alisema maji yanayoshuka mazima namna ile, bila kukatika, yana nguvu ya kuvuka bonde.

"Mwambie mwenyekiti wako," akasema, "waanze kunoa majembe."

Nilirudi chumbani nikiwa kama naelea. Katika mawazo nilimwona bibi ananyoosha mkono mlangoni pake na kufungua maji. Nilimwona akinawa uso bila haraka. Nilisahau kabisa kula.

Asubuhi yake nilikwenda ufukweni bila filamu, kutazama tu. Ziwa lilikuwa tulivu, mawimbi madogo, yakija moja moja. Lilikuja moja likalamba mchanga, likarudi. Kisha hapakuwa na kitu. Mchanga ulibaki wenyewe, unang'aa, kwa muda wa kuhesabu moja, mbili, tatu. Kisha likaja lingine. Na mimi niliyekuwa nimeyapiga picha mawimbi hayo miezi mingi, niliyejua kwamba kwenye karatasi yanakuwa ukungu usio na mwanya, ndipo nilipokumbuka kwamba bomba lilikuwa linanyamaza.

Lilikuwa linanyamaza. Kati ya kukohoa na kukohoa palikuwa na kimya, na kijilango changu kilikuwa wazi kikingoja mpaka maji yaje tena yazibe kile kimya. Wiki nzima nilikuwa nimehangaika juu ya watu waliogeuka moshi. Juu ya maji sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Yalikuwa mazuri mno.

Siku tatu sikwenda kwa mhandisi. Nilikuwa na hoja. Pengine kukohoa kulikuwa kwa siku ya kwanza tu, na sasa bomba limezoea. Pengine mhandisi angepima mwenyewe kabla ya kutoa mabomba, kwani ndiyo kazi yake. Pengine mabomba yakishafika, maji nayo yangetafutwa. Pengine mimi, mwenye shahada ya historia, sikustahili kumfundisha mhandisi habari za maji. Kila hoja niliishika mkononi ikawa na uzito, na nilipoiweka chini nikamwona bibi mlangoni.

Nilimweleza fundi. Alikuwa na picha ya mtu mezani, na penseli nyembamba aliyotumia kulainisha nyuso. Hakuinua kichwa.

"Nimefuta makunyanzi na chunjua za mji huu wote," akasema. "Lakini hakuna aliyechimba mtaro kwa sababu ya shavu nililolilainisha."

Nikaenda. Mhandisi alinikaribisha kiti, nikakataa kiti, kisha nikakaa. Niliongea vibaya. Nilianzia mbali, kwa kamera na lenzi na mto Kanoni, mpaka akaniuliza kwa upole kama nimekuja kushtaki mtu. Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya ile picha, kwamba maji yake si vile.

"Picha inadanganya?"

"Haidanganyi, Ndugu. Inajumlisha. Maji yalikuja, yakakatika, yakaja. Picha imeyaweka yote mahali pamoja."

Alivua miwani, akaifuta kwa shati. Aliuliza maji yalikuwa yanakatika kwa muda gani. Nikasema sikuhesabu. Akaniuliza nani mwingine anajua, nikasema kijiji kizima kinajua, ila hakuna aliyejua kwamba picha haijui. Akavaa miwani yake. Kisha akasema tutakwenda kupima, na kwamba nitakwenda naye, kwa kuwa nimemharibia usingizi.

Tulifika siku ya gulio, kwa hiyo watu walikuwa wengi. Mwenyekiti alitupokea kwa furaha, nikaona majembe yamepangwa ukutani mwa ofisi ya kijiji, mengine yana mipini mipya. Watu wa kilimani walikuwa wameshuka karibu wote. Bibi alikuwa amekaa juu ya jiwe na debe lake, kana kwamba amekuja kuchota tu.

Mhandisi aliwaeleza. Sikumsikia akinitaja, lakini mwenyekiti alinitazama kwa upande, na nikajua amejumlisha naye, ameelewa nani aliyepeleka habari. Mhandisi alisema bomba litafunguliwa mpaka mwisho, debe tupu litawekwa chini yake, na tutahesabu. Likijaa kabla ya sekunde sitini, maji yana nguvu ya kugawanywa, mabomba yanakuja. Likipita mia moja na ishirini, maji yale yanatosha bomba hili moja, na ukiyagawa, hapa patakauka na kilimani hayatafika. Akavua saa yake, akanipa mimi. Akataka nihesabu kwa sauti, kila mtu asikie, ili asije mtu akasema serikali imehesabu kimya kimya.

Bibi akasimama, akaweka debe lake mwenyewe chini ya bomba.

Nikaanza. Maji yalikuja na kishindo, yakapiga bati, na watu wakasogea. Kufikia kumi yalikuwa yamefunika chini. Kufikia kumi na tano bomba likakohoa, likanyamaza, na mimi nikaendelea kuhesabu juu ya kile kimya, namba zangu peke yake hewani, kumi na sita, kumi na saba, kumi na nane. Yakaja tena. Nilitamani kuhesabu polepole. Mkono wa saa haukunisikiliza. Nyuma ya watu niliona ziwa, tulivu, jeupe, na mawingu yakitembea ndani yake, na kwa muda nilihisi kwamba si mimi ninayehesabu, kwamba namba zinatoka kwenye bomba na maji yanatoka kinywani mwangu.

Nilipofika sitini debe halijafika nusu.

Mtu mmoja alisema tuendelee, tuendelee. Hakuna aliyekuwa ameacha. Mia. Wanawake wa kilimani walikuwa wanahesabu nami sasa, kwa Kihaya, chini chini. Mia na ishirini, na palikuwa bado pamebaki upana wa viganja viwili. Mwenyekiti alivua kofia yake. Niliendelea mpaka debe likajaa, kwa sababu sikujua namna ya kuacha, na mtu akafunga bomba.

Mhandisi aliandika kwenye daftari lake, akasema kwa sauti ndogo kwamba atatafuta chemchemi nyingine upande wa pili, lakini si mwaka huu. Mwanamke mmoja wa kilimani akamgeukia bibi.

"Kumbe mjukuu wako ndiye aliyetufungia maji."

"Amehesabu tu," bibi akasema. "Maji ndiyo yaliyochelewa."

Lakini hakunitazama alipokuwa akisema. Alikata jani la mgomba lililokuwa karibu, akalikunja, akaliweka juu ya maji ndani ya debe yasiruke njiani. Alisokota kata ya majani makavu, akaiweka kichwani. Nilimrudishia mhandisi saa yake. Watu walikuwa wanaanza kutawanyika, wengine kwenda gulioni, wengine wakichukua majembe yao ukutani na kusita nayo mkononi.

Nilikwenda nikasimama mbele ya bibi.

"Bibi."

"Umemaliza kuhesabu?"

"Nimemaliza."

"Basi nitwike."

Nikainama, nikashika debe kwa mikono miwili, likanishinda, nikalishika tena. Mhandisi akafanya kama anakuja kusaidia, bibi akamzuia kwa jicho. Nilinyanyua mpaka magotini, mpaka kifuani, jani la mgomba likayumba na maji yakanimwagikia mikononi, baridi, ya ndani ya jiwe. Alipiga hatua moja akaingiza kichwa chini yake. Nilihisi uzito ukiondoka kwangu na kumwingia yeye, shingo ikanyooka, na kwa kitambo alisimama vile, bila kupumua.

Kisha akaanza kushuka bondeni. Nikavua viatu, nikamfuata.